Jon Postel: Mlinzi wa daftari la majina ya intaneti

KILA mara mtu anapoandika anwani ya tovuti au kutuma barua pepe, swali dogo hutoka katika kompyuta au simu yake likaenda kutafuta jibu: jina hili linakaa wapi?

Mashine hazielewani kwa majina bali kwa nambari. Binadamu naye hawezi kukariri nambari za maelfu ya tovuti. Ndiposa pakawa na haja ya daftari la kulinganisha jina na nambari, mfano wa kile kitabu kinene cha simu kilichokuwa mezani katika kila ofisi zamani.

Daftari hilo huitwa Mfumo wa Majina ya Vikoa. Likiharibika, mitambo itaendelea kunguruma na nyaya zitabaki chini ya bahari, lakini wasafiri hawatajua njia. Likichezewa na mwenye nia mbaya, anayetafuta benki yake atapelekwa kwa mwizi, tena bila kujua.

Kwa karibu miaka 30, mtu aliyeaminiwa kulilinda daftari hilo na nambari zake alikuwa Mmarekani mmoja mwenye ndevu ndefu na mavazi ya kawaida, Dkt Jonathan Bruce Postel. Alifariki mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 55.

Maisha yake ni kisa cha uaminifu uliotukuka. Hata hivyo, ni funzo pia kwamba uaminifu wa mtu mmoja, uwe mkubwa kiasi gani, hautoshi kulinda kitu kinachotegemewa na ulimwengu mzima.

UTOTO NA MASOMO

Postel alizaliwa Agosti 6, 1943 mjini Altadena, katika jimbo la California, na kulelewa katika vitongoji vya Los Angeles. Shule yake ya upili ilikuwa Van Nuys, ambayo pia iliwatoa Vinton Cerf na Steve Crocker, majina mawili yasiyokosekana katika historia ya intaneti.

Baada ya kupitia chuo cha Los Angeles Valley, alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA). Huko alipata shahada ya kwanza ya uhandisi mwaka 1966, shahada ya uzamili mwaka 1968 na ile ya uzamifu katika sayansi ya kompyuta mwaka 1974.

Alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliofanya kazi katika maabara ya Prof Leonard Kleinrock wakati wizara ya ulinzi ya Marekani ilipokuwa ikigharimia mradi wa kuunganisha kompyuta za vyuo na taasisi za utafiti. Mtandao huo uliitwa ARPANET.

Ujumbe wa kwanza ulitumwa Oktoba 29, 1969 kutoka maabara hiyo hadi taasisi ya utafiti ya Stanford. Herufi mbili pekee ndizo zilizofika kabla ya mtambo kukwama. Kutokana na mwanzo huo wa kusuasua ndipo ilipochipuka intaneti.

Mwaka uo huo, Crocker alikuwa ameanzisha nyaraka za kubadilishana mawazo kuhusu jinsi kompyuta zitakavyozungumza. Hakutaka zionekane kama amri za wakubwa, hivyo akaziita maombi ya maoni. Postel alikuja kuwa mhariri wake, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka 28 hadi kifo chake.

Alisoma rasimu, akasahihisha lugha, akakataa zile zisizoeleweka na kuzipa nambari zile zilizostahili. Wahandisi wengi wa kizazi hicho walijifunza kuandika kwa ufasaha kwa sababu ya kalamu yake.

MGAWAJI WA NAMBARI

Mnamo 1972 aliandika waraka mfupi akipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa nambari ambazo programu za mtandao zingetumia kutambuana. Kwa mzaha kidogo, alijitaja yeye mwenyewe kuwa anaweza kuifanya kazi hiyo. Hakuna aliyepinga.

Ilikuwa kazi ya ukarani isiyo na sifa. Lakini umuhimu wake ulikuwa mkubwa. Programu mbili zikipewa nambari moja ni sawa na familia mbili kupewa sanduku moja la posta. Barua za huyu zitafunguliwa na yule, na nyingine zitapotea kabisa.

Mwaka 1977 alijiunga na Taasisi ya Sayansi za Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, huko Marina del Rey karibu na bahari. Hapo alikaa hadi mwisho wa maisha yake, akisaidiwa kwa miaka mingi na mwenzake Joyce Reynolds.

Baadaye shughuli yao ilipewa jina la heshima: Mamlaka ya Ugawaji wa Nambari za Intaneti, kwa kifupi IANA. Aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza angedhani ni jumba la ghorofa nyingi lenye makarani na mabawabu. Kwa hakika, ilikuwa ni Postel na wenzake wachache katika ofisi iliyofurika makaratasi. Orodha ya nambari walizogawa ilipochapishwa Oktoba 1994 ilikuwa na kurasa 230.

Mnamo 1981, yeye ndiye aliyehariri nyaraka za itifaki ambazo hadi leo ndizo uti wa mgongo wa intaneti. Ndani yake aliacha kanuni inayohusishwa na jina lake: kila programu iwe makini sana na inachotuma, lakini iwe na uvumilivu kwa inachopokea kutoka kwa wengine. Januari 1, 1983 kompyuta zote za ARPANET zilitakiwa kuhamia itifaki hizo, kwa mpango ambao yeye mwenyewe aliuandika.

ORODHA YALEMEWA

Wakati huo majina ya kompyuta yote yalikuwa katika faili moja iliyotunzwa Stanford na kundi la Bi Elizabeth Feinler. Aliyetaka jina lake liingizwe alipiga simu saa za kazi. Kisha kila kompyuta ilinakili faili hiyo upya ili isipitwe na mabadiliko.

Kadiri mtandao ulivyokua, faili ilizidi kunenepa, makosa yakaongezeka na wanaoinakili wakawa wengi kupita uwezo wa mtambo ulioihifadhi. Ilikuwa dhahiri kwamba mahali pamoja hapangeweza kubeba mzigo wote.

Postel alimkabidhi Paul Mockapetris, mtafiti katika taasisi hiyo hiyo, kazi ya kuyapatanisha mapendekezo kadhaa yaliyokuwapo. Mockapetris aliona heri abuni mfumo wake mwenyewe, na Novemba 1983 nyaraka zake mbili zikachapishwa. Huo ndio Mfumo wa Majina ya Vikoa.

Siri yake ilikuwa kugawana kazi. Badala ya daftari moja, pakawa na mti. Kwenye mzizi pana orodha fupi ya matawi makuu. Kila tawi lina mtunzaji wake. Kila mtunzaji huwagawia wengine walio chini yake. Aliyeko juu hahitaji kujua yaliyo chini, mradi ajue wa kumuuliza.

Aidha, kila sehemu ilitakiwa kuwa na seva zaidi ya moja ili moja ikizimika nyingine ijibu. Kwa namna hiyo, ustahimilivu ulijengwa ndani ya mfumo tangu siku ya kwanza.

Usalama lakini haukujengwa. Mfumo uliundwa kwa ajili ya jamii ndogo ya watafiti waliojuana na kuaminiana. Jibu lililorudi halikuwa na muhuri wowote wa kuthibitisha lilikotoka. Kasoro hiyo ingekuja kuugharimu ulimwengu baadaye.

MAJINA YA NCHI

Oktoba 1984, Postel na Reynolds walichapisha waraka uliotaja matawi makuu ya mti huo. Yalikuwamo .com kwa biashara, .edu kwa elimu, .org kwa mashirika, pamoja na herufi mbili kwa kila nchi.

Hapo ndipo busara yake ilipodhihirika. Swali la nchi ni ipi na ipi si nchi limewahi kuzua vita. Postel alikataa kulijibu. Alitumia orodha ya herufi mbili iliyokwisha kuwekwa na shirika la kimataifa la viwango, na yeyote aliyelalamika alielekezwa huko.

Katika waraka wa Machi 1994 alifafanua kwamba anayekabidhiwa jina la nchi si mwenye mali bali ni mdhamini. Anawajibika kwa watu wa nchi yake na kwa jamii nzima ya intaneti. Aliyetaka kudai haki za umiliki aliambiwa afikirie kwanza wajibu na huduma.

Kenya ilipata jina lake, .ke, kwa utaratibu huo mnamo Aprili 1993, wakati Wakenya waliowahi kuiona intaneti walikuwa wachache mno. Dkt Shem Ochuodho alisimamia upande wa utawala, naye mtaalamu wa Kimarekani Randy Bush akashughulikia ufundi. Desemba 2002 usimamizi ulihamishiwa kituo cha KENIC, jijini Nairobi.

Uganda ilipata .ug na Tanzania .tz mwaka 1995. Hakuna aliyelipa hata senti ili Postel aliandike jina la nchi yake daftarini.

PESA ZAINGIA

Mwaka huo wa 1995, hali ilibadilika. Kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na kandarasi ya serikali ya Marekani ya kuandikisha majina ya .com na mengineyo, iliruhusiwa kutoza ada. Jina moja likawa dola 50 kwa mwaka.

Jambo lililokuwa huduma ya wasomi likawa mgodi. Mnamo 2000 kampuni hiyo ilinunuliwa kwa takriban dola bilioni 21. Postel, aliyeyasimamia majina hayo tangu yakiwa wazo, aliishi kwa mshahara wa mtafiti, akipumzika kwa kupanda milima ya Sierra Nevada akiwa na mkoba mgongoni.

Alijaribu kuvunja ukiritimba huo. Mnamo 1996 alipendekeza kuwepo kwa matawi mapya mengi na waandikishaji wengi wa kushindana. Mwaka uliofuata, mpango uliotokana na juhudi hizo ulitiwa sahihi Geneva, Uswisi. Serikali ya Marekani haikuukubali.

Mwaka uo huo wa 1997 udhaifu wa mfumo ulianikwa mara mbili katika mwezi mmoja. Julai, mfanyabiashara mmoja Mmarekani aliyepinga ukiritimba alipenyeza majibu ya uongo katika seva mbalimbali, hivi kwamba waliotafuta tovuti ya uandikishaji wa majina walijikuta kwenye tovuti yake.

Seva huhifadhi kwa muda majibu ambayo imekwisha kuyapata ili isiulize tena. Mdanganyifu akiwahi kuingiza jibu bandia, seva hulitunza na kuwagawia wote wanaouliza. Hakuna muhuri, kwa hivyo hakuna shaka.

Siku chache baadaye faili mbovu za .com na .net zilisambazwa kutoka kwa Network Solutions, na kwa saa kadhaa tovuti nyingi hazikupatikana. Safari hii hapakuwa na mdukuzi. Kosa la kibinadamu lilitosha.

JARIBIO LA JANUARI 1998

Kufikia wakati huo mzizi wa mti ulikuwa ukihudumiwa na seva 13, zilizoitwa kwa herufi A hadi M. Seva A, iliyokuwa mikononi mwa Network Solutions, ndiyo iliyotoa orodha. Zile nyingine 12 ziliinakili.

Januari 28, 1998 Postel aliwaandikia barua pepe waendeshaji wa seva nane miongoni mwa hizo 12. Aliwaomba waache kunakili kutoka kwa seva A na badala yake wachukue orodha kutoka kwa kompyuta yake kule California.

Wote wanane walitii. Hawakuwa na mkataba naye, wala hakuwa mwajiri wao. Neno la Postel lilitosha.

Watumiaji wa intaneti hawakuhisi lolote kwa kuwa orodha zote mbili zilikuwa sawa kabisa. Lakini jijini Washington palikuwa na kishindo. Kwa siku chache, mizizi ya intaneti ilikuwa imegawanyika pande mbili: upande mmoja ukimfuata msomi, mwingine ukiifuata serikali na mwanakandarasi wake.

Ira Magaziner, mshauri wa Rais Bill Clinton aliyekuwa akiandaa sera ya intaneti, alimtaka arejeshe mambo kama yalivyokuwa. Postel alieleza kwamba lilikuwa jaribio tu la kuona iwapo mzizi ungeweza kuhamishwa salama, kisha akawaagiza waendeshaji warudi kwa seva A. Katika muda wa takriban wiki moja yote yalikuwa yametulia.

Siku mbili tu baada ya jaribio kuanza, serikali ya Marekani ilitoa waraka wa mapendekezo kuhusu mustakabali wa majina ya intaneti, ikionyesha bayana kwamba haingeachia mzizi hivi hivi.

Wapo waliolichukulia tukio hilo kuwa upinzani wa kimyakimya dhidi ya serikali, na wapo waliolikubali kuwa jaribio la kiufundi. Mgala muue na haki yake mpe: mwenye nia mbaya angeweza kufanya mengi kwa uwezo ule, naye hakubadilisha hata herufi moja ya orodha.

Hata hivyo, hofu ya serikali haikuwa bure. Iwapo barua pepe moja ya mtu mwema iliweza kuhamisha sehemu kubwa ya mizizi ya intaneti, barua ya mtu mwovu anayejifanya yeye ingefanya nini? Je, yeye asipokuwepo, nani angeaminiwa?

KIFO CHAFUNGA ENZI

Postel mwenyewe alikuwa akilitafutia swali hilo jibu. Katika mwaka huo alishughulika kuunda shirika lisilo la kibiashara la kurithi kazi yake. Shirika hilo, ICANN, liliandikishwa California Septemba 30, 1998, na mapema Oktoba alifika mbele ya wabunge wa Marekani kulitetea.

Hakuliona likianza kazi. Oktoba 16, 1998 alifariki Los Angeles kutokana na matatizo ya moyo, alipokuwa akipata nafuu kufuatia upasuaji wa vali. Bodi ya ICANN ilikutana kwa mara ya kwanza siku tisa baadaye.

Rafiki yake Vinton Cerf alimwandikia tanzia, nayo ikachapishwa katika mfululizo ule ule wa nyaraka aliouhariri kwa miaka 28. Ilipewa nambari 2468. Chama cha Intaneti, ambacho yeye ndiye aliyekuwa mwanachama wake wa kwanza, kilianzisha tuzo ya kila mwaka kwa jina lake. Mwaka 2007 ilimwendea Prof Nii Quaynor wa Ghana, kwa mchango wake wa kueneza intaneti barani Afrika.

MUHURI WAPATIKANA

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kujenga kwa utaratibu kile ambacho Postel alikilinda kwa heshima yake. Oktoba 21, 2002 seva zote 13 za mzizi zilishambuliwa kwa wakati mmoja kwa mafuriko ya ujumbe, tisa kati yake zikatatizika vibaya kwa takriban saa nzima. Zilizosalia zilitosha kuwahudumia watu.

Baada ya shambulizi hilo, waendeshaji wengi walitawanya nakala za seva zao ili anwani moja ijibiwe kutoka miji mingi. Leo majina ni yale yale 13, lakini nakala zimepita 1,500 duniani. Mwaka 2022 ICANN ilitangaza kwamba Kenya ingekuwa mwenyeji wa kituo chake cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika.

Kuhusu muhuri, mtaalamu Dan Kaminsky alidhihirisha mwaka 2008 kwamba kupenyeza jibu bandia kulikuwa rahisi kuliko ilivyodhaniwa. Kampuni za kompyuta zilishirikiana kuziba ufa huo kwa haraka, na Julai 15, 2010 mzizi wa intaneti ukaanza kutiwa sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba jibu halikughushiwa.

Ufunguo wa sahihi hiyo hautunzwi na mtu mmoja. Umehifadhiwa katika vituo viwili vyenye ulinzi mkali, kimoja jimboni Virginia na kingine El Segundo, California, si mbali na ofisi aliyofanyia kazi Postel. Hauwezi kutumiwa mpaka wawepo angalau watatu kati ya wadhamini saba wa kituo husika, waliotoka nchi mbalimbali, nao ulimwengu ukitazama moja kwa moja. Oktoba 1, 2016, serikali ya Marekani nayo iliachia usimamizi wake wa mwisho juu ya kazi hiyo.

Kazi haijakwisha. Sahihi ya mzizi haina maana ikiwa matawi hayakuitumia, na majina mengi bado hayana muhuri huo. Isitoshe, muhuri hauzuii rekodi kubadilishwa kule zinakoandikishwa. Aprili 2013, Wakenya waliotafuta google.co.ke walijikuta katika ukurasa wa mdukuzi baada ya rekodi za jina hilo kuchezewa.

Wahenga walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Postel alikuwa jifya moja lililobeba chungu kwa karibu miaka 30, tena bila kumwaga. Umahiri huo ulimpa heshima isiyofutika, lakini ulificha pia hatari ya chungu kutegemea jiwe moja. Katika mwaka wake wa mwisho alihangaika kutafuta mafiga mengine, na kwa hilo pia anastahili kukumbukwa.